Kekee ya bibi yako siyo chakavu

Watu wengi wanaonijia na silva, yaani madini ya fedha, ya zamani swali lao la kwanza ni gramu moja shilingi ngapi, na jibu langu siku zote ni lilelile, kaa kwanza mama, kaa kwanza kaka, tukiangalie hiki kitu kimetengenezwaje alafu hayo ya gramu tutayazungumza baadaye. Wapo wanaonielewa. Wapo wanaoona nawazungusha ili nipunguze bei, wananyanyuka wanaenda fremu nyingine, huko kinawekwa kwenye mizani, kinakatwa vipande, kinatiwa motoni, na jioni kishakuwa kidonge cheupe kisichojulikana kilitoka kwa nani. Ndo maana nimekaa niandike haya niliyojifunza kwa kukaa karibu na moto hapa Tanga, kwasababu hivi vitu vinapungua na vikishayeyuka hakuna fundi anayeweza kuvirudisha, hata awe hodari vipi.

Mi kazi yangu ni usonara, nipo Ngamiani kwenye zile barabara za namba, fremu ndogo tu, meza, tochi ya gesi, mizani, na vyombo ambavyo vingi aliniachia mzee aliyenifundisha. Jina lake silitaji, mwenyewe hakuwa mtu wa kupenda kutajwatajwa, ila alikuwa fundi haswa, yaani kila kitu kwa mkono, kusubu yaani kumimina kwenye kalibu, kufua kwa nyundo, kuvuta waya, kuchora nakshi, kulehemu mpaka kung'arisha. Moto wake ulikuwa mkaa wa vifuu na mvukuto, gesi alikuja kuitumia uzeeni, na hata hiyo gesi alikuwa anaiwasha kwa kazi ndogondogo tu.

Alinianzishia kwenye shaba, nyaya za umeme zile tunazichuna plastiki, akasema shaba na fedha tabia zao zinakaribiana ila shaba ukiiharibu hulali na mawazo. Na ukweli ni kwamba silva yoyote ya kuvaa ina shaba ndani yake, fedha tupu ni laini mno, pete yake inapinda ukibeba ndoo. Ile namba 925 mnayoiona imegongwa ndani ya pete maana yake katika sehemu 1000 fedha ni 925 na hizo 75 zinazobaki kwa kawaida ni shaba, hiyo ndo inaipa ugumu.

Alafu akanifundisha moto, na hapa ndo nilikaa sana. Fedha safi inayeyuka ikifika nyuzi 961 za Selsiasi, ile ya 925 inaanza kulegea kwenye 800 na ikifika 890 na kitu imeshakuwa maji yote, sasa wewe unataka kuilainisha tu ili uifue, hiyo ni kama 650, na ukitaka kulehemu inabidi lehemu iyeyuke na ikimbie kwenye ungio kabla kitu chenyewe hakijaanza kulegea. Nafasi ni finyu na hakuna kipimo mezani, kuna jicho tu. Mzee alikuwa anafunga dirisha. Mchana wa Tanga jua linaua rangi yote, silva inaweza kuwa ya moto vibaya na ukaiona nyeupe vilevile, kwaiyo tulikuwa tunafanya kwenye kona yenye kiza kidogo, anavuta mvukuto taratibu, ananiuliza, "Umeona nini?"

"Nyekundu, Babu."

"Nyekundu ipi mwanangu? Iangalie vizuri, ile ya kwanza inayokuja kama haitaki, hiyo ndo ya kufulia. Ikiwa nyekundu ya kila mtu kuiona, ushachelewa."

Mpaka leo nikifundisha kijana nafunga dirisha kwanza. Na ukishaitoa unaizima majini, unagonga, inakuwa ngumu tena maana fedha kila ukiigonga inakaza, unairudisha motoni, unagonga, ukilazimisha kuendelea bila kuirudisha inachanika pembeni. Bangili moja pana ya kufua inaenda motoni na kurudi mara nyingi sana kabla haijachorwa hata mstari mmoja, na watu hawajui, wanaona tu kitu kimekaa kwenye kioo.

Sasa ukishaifanya kazi hii kwa mikono yako ndo unaanza kuona vitu vya zamani kwa namna nyingine. Kekee ya zamani, ile bangili pana ya fedha, usiiangalie nje, nje wamekuachia uzuri, igeuze ndani. Ndani fundi hakuona haja ya kuficha, utakuta alama za nyundo zimelala upande mmoja, ukitulia unaweza hata kukisia alikuwa akigonga kwa mkono upi, utakuta mstari wa lehemu pale alipounga, utakuta mahali amepitisha tupa akaacha. Nakshi za kuchora kwa mkono kila mstari unaanza mwembamba, unanenepa, unaisha kwa ncha, na hakuna ua moja linalofanana kabisa na jirani yake. Kitu kilichonakiliwa kiwandani maua yote ni mamoja na kingo zake ni butu. Waya nao unasema, zamani walivuta kwenye chamburo, kile kibamba cha chuma chenye matundu yanayopungua, unapitisha waya tundu kubwa, unaupaka nta, unauvuta kwa koleo, unaulainisha motoni, unahamia tundu linalofuata, mpaka unafika wembamba unaoutaka. Nimewahi kushika mkufu wa nyaya za kusokota, wembamba wa kushangaza, na nikijua mimi mwenyewe kuvuta ule wembamba kunavyochosha mabega, nikamheshimu sana aliyeutengeneza.

Na hiyo fedha yenyewe ilitoka wapi, sehemu kubwa masonara wa pwani walikuwa wanayeyusha sarafu. Reale ndo maarufu, ile yenye sura ya Maria Theresa mtawala wa Austria, uzito wake gramu 28 na fedha yake ni 833 katika 1000. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, lakini waliendelea kuipiga na mwaka uleule mpaka karne ya 20, kwaiyo mtu akikuletea reale akakwambia ina miaka zaidi ya 200 kwasababu imeandikwa hivo, mwambie taratibu kwamba mwaka huo si ushahidi. Alafu zikaja rupia, za India na hizi za Wajerumani zilizoanza kupigwa 1890, ndogo, gramu 11 na ushee, lakini fedha yake 917, nzuri sana. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 mpaka 1946 hiyo fedha ni robo tu, 250 katika 1000. Mzee akiletewa kidani cha sarafu anazichambua moja moja, hizo shilingi anaziweka pembeni peke yake, na kidani kikiwa kizima hakigusi kabisa, anasema sarafu ikishatobolewa na kuvaliwa na mtu imeshakuwa kitu kingine.

Kuna jambo moja la vitu vya reale lazima mlijue kabla hamjampa mtu mwenye mashine ya kung'arisha. Fedha yenye shaba nyingi hivo ukiitia motoni inakuwa nyeusi juu, ile ni shaba inayoungua, fundi anaichemsha kwenye maji ya ukwaju, ukali wa ukwaju unakula ule weusi, fedha inabaki. Anairudisha motoni, anaichemsha tena, anarudia, mwisho juu kunabaki ngozi ya fedha karibu tupu, nyeupe pepe, wakati ndani bado ni mchanganyiko. Ndo weupe ule mnaouona kwenye mitali ya zamani, zile bangili za mguuni, hauna mng'aro wa kioo lakini ni mweupe wa ndani kabisa. Sasa ukiupeleka kwenye brashi ya mota unaondoa ngozi yote na nusu ya nakshi, unarudishiwa kitu kinang'aa na kimekufa. Samahani kwa neno hilo lakini sina lingine.

Kujua kama ni fedha kweli hapo nyumbani inawezekana bila asidi na bila kukikwangua kitu cha watu. Tafuta mizani ndogo ya dijitali, weka glasi ya maji juu yake, irudishe kwenye sifuri. Funga kitu chako kwa uzi, kizamishe kizima ndani ya maji ukiwa umeshika uzi, kisiguse chini wala pembeni, soma namba. Chukua uzito wake mkavu ugawanye kwa namba hiyo. Mfano bangili ina gramu 31, kwenye maji mizani ikasoma 3, jibu ni 10.3, hiyo ni fedha ya kama 925. Fedha ya reale inakuja 10.2 hivi. Ile metali nyeupe ya shaba, nikeli na zinki, ambayo haina fedha hata chembe na inauzwa sana kwa watalii, haifiki hata 9. Shaba nyekundu na shaba ya njano (brasi) zilizopakwa maji ya silva nazo hazifiki. Kipimo hiki kinasumbua kwenye vitu vyenye uvungu, kwenye vyenye mawe, na kama kuna risasi imejazwa ndani maana risasi ni nzito kuliko fedha, ila kwa kekee au mtali uliofuliwa mzima kinasaidia sana, na hakiachi alama.

Mama mmoja alikuja kutoka upande wa Pangani na mitali miwili ya marehemu mama yake kaifunga kwenye kitambaa cha kanga. Mmoja ulikuwa umepasuka kwenye ungio na mtu kaubandika kwa lehemu ya redio. Binti yake anaolewa, alitaka niyeyushe yote nimtolee cheni na hereni. Nilimkaribisha kiti, nikamgeuzia ndani nikamuonyesha alama za nyundo, nikamuonyesha ule uduara wa vipunje vidogo pembeni, vipunje vile kila kimoja kimeyeyushwa peke yake juu ya mkaa kikajikunja chenyewe kuwa duara alafu kikalehemiwa mahali pake. Akakaa kimya. Nikamwambia, "Mama, uzito wa hapa naweza kukupa hela yake sasa hivi, lakini aliyevifanya vipunje hivi leo sijui nikampate wapi. Mwache bi harusi avae hivihivi, mi nitakuungia."

Akaniuliza gharama. Nilimtajia, na ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiria maana hakuna silva mpya inayoingia. Akasema, "Haya baba, unga."

Hiyo kazi naieleza kidogo kwasababu mafundi vijana wanaharibu hapa. Lehemu ya redio ni bati na risasi, inayeyuka kwa moto mdogo, na ikibaki kwenye silva alafu ukaipeleka mpaka wekundu, ile risasi inazama ndani na kutafuna, inaacha mashimo yasiyozibika. Lazima uitoe yote kwanza, unapasha kidogo sana unafuta, alafu unakwangua na kupitisha tupa mpaka uone fedha safi pande zote mbili, hakuna njia ya mkato. Ndipo unapaka boraksi, ile dawa ya unga ya kusaidia lehemu ikimbie, unaweka lehemu ya fedha, unapasha kitu kizima siyo ungio peke yake, maana lehemu inakimbilia palipo na moto zaidi. Baada ya hapo maji ya ukwaju au ndimu, moto wa kuchemka kidogo. Na usitoe kwa koleo la chuma! Chuma kikigusa yale maji, shaba iliyomo inakuja kujipaka juu ya silva yako inatoka nyekundu, tumia kijiti au koleo la shaba.

Binti aliivaa mitali ile siku ya hina, na mashoga zake wakaanza kuja kuuliza kama ninaweza kuwatengenezea mipya ya namna ile. Naweza, na nawatengenezea, vipunje vyangu bado havijawa sawasawa kama vya yule fundi wa zamani lakini vinakaribia. Hapo ndo mazungumzo ya bei yanakuwa mengine kabisa, maana wameshaishika kazi yenyewe, wamegeuza ndani, wanajua wanalipia nini. Mi nasema wazi kabisa, fedha ninayoitumia naipima mbele ya mteja na bei yake naiandika peke yake kwenye karatasi, alafu kazi ya mkono naiandika mstari wa pili. Ule mstari wa pili mara nyingi ni mkubwa kuliko wa kwanza na sioni aibu nao. Kama nikiuza kwa gramu kama wanavyouza cheni za kiwandani, basi mwenye nakshi na asiye na nakshi tunalipwa sawa, na mwisho wake hakuna atakayechora.

Kwa vidani na hereni napenda kusubu kwenye mfupa wa dome, yule wa jamii ya ngisi. Hii ni njia ya zamani duniani kwingi, na sisi wa pwani malighafi tunaikanyaga ufukweni. Nachukua baiskeli asubuhi nashuka Deep Sea, wavuvi wakipasua dome ule mfupa mweupe wanautupa, wananipa bure. Unausafisha, unaukausha vizuri kabisa, narudia, vizuri kabisa, maana unyevu kidogo ukikutana na fedha iliyoyeyuka unageuka mvuke na fedha inaruka usoni. Unaukata vipande viwili, unasugua nyuso zake juu ya msasa mpaka zikutane bila mwanga kupita katikati. Ule upande wa ndani ni laini, kisu kidogo kinachora bila nguvu. Unachonga umbo lako, unachonga mdomo wa kumiminia kama faneli, unakwaruza njia nyembamba za hewa kutokea, unavifunga viwili kwa waya. Fedha inayeyushwa na boraksi juu yake kwasababu fedha ikiwa maji inanyonya hewa ya oksijeni nyingi na ikiganda inaitema, inaacha vitundu, boraksi inaizuia kidogo. Ukiona imekuwa kama kioo na inatikisika, mimina kwa mara moja bila kusita. Harufu yake ni ya ukucha unaoungua, majirani zangu wameshaizoea.

Kinachotoka kina mistari ya mawimbi, ni tabaka za mfupa wenyewe, hakuna mfupa unaotoa mistari sawa na mwingine, na kalibu lenyewe ukishalitumia limeungua, huwezi kumimina tena ukapata kitu kilekile. Wateja wangu wa Dar wananitumia picha kwenye wasapu wanataka kumi zinazofanana, nawaambia nitakupa kumi zenye umbo moja, mistari kila moja itakuwa na yake. Wengi wakielewa sababu wanazipenda zaidi.

Mawe nayo tunayo mkoani kwetu, bonde la Umba kule kaskazini linatoa yakuti za rangi ambazo kwingine huzioni, na garneti. Hayo naweka mwisho kabisa, moto ukishaisha, kwa kukunja kingo za fedha taratibu kuzunguka jiwe. Tanzanaiti ya Mererani ndo usijaribu kabisa kuisogeza karibu na moto, inapasuka, na kwa pete ya kuvaa kila siku siishauri, ni laini kuliko yakuti kwa mbali.

Sasa kwa mnaobaki na vya bibi nyumbani. Weusi unaoingia kwenye silva siyo kutu, ni salfa iliyoko hewani, kwenye mayai, kwenye vitunguu, kwenye mipira ya kufungia hela, na unyevu wetu wa pwani unaharakisha. Cheni ya kawaida isiyo na mawe unaweza kuitandikia karatasi ya aluminiamu kwenye bakuli, kijiko cha magadi, chumvi kidogo, maji ya moto, uilaze iguse ile karatasi, weusi unahama wenyewe bila kusugua. Lakini kwa kekee na mitali yenye nakshi usifanye hivo, ule weusi ulioko ndani ya michoro ndo unaoyafanya maua yaonekane, ukiutoa kitu kinakuwa uwanda. Hiyo ioshe kwa sabuni laini na brashi ya mswaki wa mtoto, ikaushe kabisa kwa kitambaa cha pamba, iweke kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa hewa, mbali na raba. Ukikuta imepasuka iache ilivyo, usiigundishe na gundi wala kumpa fundi wa redio, ilete kwa sonara anayefanya kwa mkono na umwambie mapema kabisa, kabla hajawasha moto, kwamba hutaki ing'arishwe.